Softboksi ya kwanza: uanze na ipi?

Ukiingia maduka ya kamera pale mjini kati, mara nyingi utaonyeshwa kwanza ile seti ya softboksi mbili (maboksi ya kitambaa ya kulainisha mwanga wa taa) za sentimita 50 kwa 70, balbu zikiwemo. Bei yake inavutia. Mimi niliinunua, na ndiyo naiweka mkiani.

Namba moja, bila kusitasita, ni okta, softboksi inayokunjwa kama mwavuli, ya kati ya sentimita 90 na 120, yenye pete ya Bowens, aina ya kifungio cha kuishikiza kwenye taa. Pembe zake nane huacha karibu duara kwenye mboni ya jicho. Ngozi nyeusi ikipigwa flashi tupu hutoa doa jeupe kwenye paji. Kwa okta, mng'ao unatandaa na kutulia shavuni. Ila usidhani kitambaa ndicho kinacholainisha mwanga peke yake. Kinachoamua ni ukubwa wa boksi machoni pa anayepigwa picha, kwa hiyo isogeze. Ikiwa mita moja kutoka usoni, kivuli cha pua kinafifia polepole. Isukume hadi mita tatu, kivuli kinarudi na makali yake, na mwanga unaofika ni kama sehemu moja tu ya tisa. Kwenye bedsita ya Roysambu, Nairobi, hiyo mita moja ndiyo nafasi uliyo nayo hata hivyo. Wenye flashi ndogo waongeze kishikio cha S2 cha Godox: kinaibana flashi na kupokea pete ya Bowens, kwa hiyo ukija kununua taa kubwa ya pete hiyo, boksi ni lile lile.

Ya pili ni mstatili wa 60 kwa 90. Ukiusimamisha wima unamulika mtu vizuri hadi kiunoni. Kero ni kuuunda: fimbo nne, na ya nne haiingii mpaka uibane kwa goti.

Mwavuli-softboksi wa sentimita 80 ni wa tatu. Ni rahisi na mwepesi kubeba kwenye matatu, lakini flashi inakaa ndani. Bila triga, kile kidhibiti cha flashi kinachokaa juu ya kamera, kila ukitaka kubadilisha nguvu unafungua zipu.

Ile nyembamba ya 30 kwa 120 iache kwanza. Hiyo ni ya taa ya pili, ya kuchora ukingo wa nywele na bega.

Sasa ile seti yangu. Balbu zilikuwa hafifu, nikapandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) hadi picha zikajaa chenga. Halafu nikiwa katikati ya picha za mahafali ya binamu yangu, stima ikapotea, na softboksi zote mbili zikabaki mapambo ya sebule. Flashi ya betri ingeendelea.

Kabla ya kulipa, ifungue pale pale dukani. Angalia kama kile kitambaa cha ndani cha kutawanya mwanga kimo, ijaribu pete kwenye taa yako mwenyewe, kisha upige picha ya karatasi nyeupe uone kama inageuka manjano. Na ukipanga kupiga nje, nunua mfuko wa mchanga wa kutundika kwenye stendi, maana upepo huiona okta kama tanga.