Sungusungu au polisi: nani anahojiwa uongozi wa mtaa ukibadilika?

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulileta wenyeviti wapya mitaa mingi ya Mwanza, na hapo tofauti ilionekana.

Sungusungu, walinzi wa jadi walioanza huku Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wako mikononi mwa mtaa. Kwetu huku mlimani, daftari la doria lilibaki kwa mwenyekiti aliyetoka. Wiki tatu nzima! Kijana aliyechapwa fimbo usiku akakosa pa kulalamika. Lakini mkutano ulipoitishwa, mama muuza dagaa alisimama, kanga begani, akamnyooshea kidole aliyempiga mwanawe. Yule bwana ilibidi ajibu palepale.

Polisi hawatikiswi na uchaguzi. Amri inashuka kutoka kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, na kamati ya usalama ya wilaya inaongozwa na mkuu wa wilaya. Diwani anaweza kuuliza. Kumwajibisha mkuu wa kituo hawezi. Wewe unashika RB yako, namba ya taarifa uliyotoa kituoni, na kusubiri.

Mimi nachagua sungusungu, kwa sharti moja: daftari likabidhiwe kwa maandishi, mbele ya wananchi, siku mwenyekiti mpya anapoingia ofisini.