Miche ya mipapai "isiyopata virusi": tathmini baada ya miezi tisa shambani

Mwezi Machi nilinunua miche 80 ya mipapai katika kitalu kimoja kilicho kando ya barabara kuu wilayani Mbarali. Nililipa shilingi 2,000 kwa kila mche, mara mbili ya bei ya vitalu vya jirani, kwa sababu bango lao lilieleza kwamba mbegu imeboreshwa vinasaba na haishambuliwi na virusi.

Miche yenyewe haikuwa na dosari. Viriba vilijaa udongo mzuri, mizizi haikuwa imejikunja, na kijana wa kitalu alinisaidia kuipakia kwenye guta bila kudai chochote. Miche 77 ilishika.

Mwezi Juni vidukari, wadudu wanaoeneza virusi vya mipapai, walihamia kwangu kutoka kwenye maboga ya jirani, na wiki chache baadaye majani ya juu yakaanza kuwa na mabaka ya njano. Majani mapya yalitoka membamba kama kamba, na kwenye vikonyo ikajitokeza michirizi ya kijani kilichokolea, kana kwamba mtu amepitisha kidole chenye mafuta. Matunda ya kwanza yalipotunga, maganda yake yalikuwa na pete ndogondogo, ambazo ndizo zinazoupa ugonjwa huu wa virusi jina lake la Kiingereza, papaya ringspot. Hadi leo nimeng'oa mipapai 31.

Nilirudi kitaluni kuuliza mbegu ilipimwa vipi, nikajibiwa tu kwamba "ilipimwa maabara, nje ya nchi". Jibu hilo ndilo lililonisikitisha kuliko hasara yenyewe, kwa kuwa upimaji wa kweli una hatua zinazoelezeka. Huko Hawaii, virusi hivi vilipoingia katika eneo la Puna mwaka 1992, mtafiti Dennis Gonsalves na wenzake walikuwa tayari wamepandikiza kwenye mpapai jeni (kinasaba) ya protini ya ganda la kirusi, ili mmea ukitambue kirusi na kukikatakata kabla hakijazaliana. Hawakuishia maabara: mwaka 1995 waliipanda mipapai hiyo pamoja na ya kawaida katika eneo lililokwisha kushambuliwa, ambako ile ya kawaida iliambukizwa yote ndani ya mwaka mmoja. Mbegu za SunUp na Rainbow, aina mbili za mipapai hiyo yenye kinga, ziliwafikia wakulima mwaka 1998.

Hata hivyo, Rainbow, ambayo iliwaokoa wakulima wa Hawaii, ilipojaribiwa kwa virusi vya aina hiyohiyo kutoka Thailand na Taiwan iliugua, kwa sababu kinga ya namna hii hutegemea jinsi kirusi kinachoingia kinavyofanana na kile kilichotoa jeni. Kwa hiyo, hata kama mbegu yao ingekuwa na vinasaba hivyo, ingepaswa kwanza kupimwa kwa virusi vinavyopatikana hapa Usangu. Tena mazao yaliyobadilishwa vinasaba hayajaruhusiwa kuuzwa kwa wakulima wa Tanzania, jambo ambalo mwenye kitalu anapaswa kulijua kabla ya kuandika bango.

Kama miche ya kawaida iliyotunzwa vizuri, ningeinunua tena kwa shilingi 1,000. Kama miche yenye kinga, siipendekezi kwa mkulima yeyote. Niliwaomba wayafute maneno yale, wakaahidi kufanya hivyo, lakini nilipopita wiki iliyopita bango lilikuwa bado palepale.