TAHADHARI: "Nafasi za PhD" za akili unde na roboti Ujerumani zinazouzwa WhatsApp

Wadau, nimeshaliwa shilingi 380,000, kwa hiyo anayetaka kunicheka acheke kwanza halafu aendelee kusoma.

Kuna jamaa anajiita wakala. Anaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya waliomaliza masta na kutangaza PhD za Ujerumani zenye ufadhili kamili: akili unde, roboti, na nyenzo mpya za betri na sola, "chagua fani uipendayo". Hapo tu ningeshtuka. PhD ya maabara haichaguliwi kama soda dukani. Ina profesa wake na mradi wake, na huyo profesa lazima akuhoji, akubane hata kwenye tasnifu yako ya masta. Mimi sikuhojiwa na mtu. Nilituma CV Jumanne, Alhamisi barua ya kukubaliwa ikatua, nembo na muhuri juu, nikampigia mama.

Ikaja "ada ya kushikilia nafasi", ndiyo hiyo 380,000. Nalipa, jina linalotokea kwenye simu si la niliyekuwa nachati naye. Eti ni mhasibu wao. Wiki iliyofuata wakataka 650,000 ya "bima ya viza". Ndipo nikaingia tovuti ya chuo chenyewe, nikachukua barua pepe ya profesa aliyetajwa (ile ya kwenye barua ilikuwa ya Gmail), nikamwandikia. Akajibu siku hiyohiyo: mradi huo hana, barua si yao.

Niliyopaswa kuyajua mapema ni haya. Vyuo vikuu vingi vya serikali Ujerumani havitozi ada ya masomo kwa PhD, na nafasi nyingi za maabara ni ajira: unasaini mkataba, unalipwa mshahara. Sweden hivyohivyo. DAAD, shirika la Ujerumani linalotoa ufadhili wa masomo, hawadai hela ya maombi. Zile nafasi za mpango wa ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya zinatangazwa EURAXESS, tovuti ya nafasi za watafiti, na kuomba ni bure. Tena zina sharti: usiwe umeishi au kufanya kazi kwenye nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia. Rafiki yangu yuko Munich mwaka wa pili sasa, na tapeli huyuhuyu kamwahidi nafasi ya aina hiyo hapohapo Ujerumani!

Si kila ada ni wizi, tusidanganyane. Vyuo vingi vya Marekani hutoza ada ya maombi, ila unailipa ndani ya mfumo wa chuo, si kwa laini ya simu ya mtu.

Namba yake siiweki, anabadilisha laini kila mara. Akikutafuta, itume namba aliyotumia kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu Tanzania, kisha uende polisi na risiti zako. Kama umeshatuma hela, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo, maana ikiwa bado haijatolewa wanaweza kuizuia. Mimi nilipiga baada ya siku tisa.