Kununua kuni: mti upi uchukue, upi uuache

Kuni zikiuzwa kwa kilo, unaweza kuuziwa maji. Zikiuzwa kwa tita au kwa mita ya ujazo, unaweza kuuziwa hewa. Kilo moja ya kuni kavu hutoa joto linalokaribiana, uwe mti mzito au mwepesi. Kinachotofautiana ni kilo ngapi zinaingia kwenye tita moja na moto wake unadumu kiasi gani. Kwa hiyo orodha hii inamfaa zaidi anayenunua kwa tita. Anayepimiwa kwenye mizani aulize ukavu kwanza, jina la mti baadaye.

Kilo 100 za kuni mbichi zinaweza kubeba kilo 45 za maji. Zilizokauka vizuri hazizidi 20. Maji hayo lazima yageuke mvuke kwanza, na joto linalofanya kazi hiyo halifiki kwenye sufuria. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia "ko!", vibichi hutoa mlio mzito uliofifia. Ncha kavu huwa na nyufa zinazotoka katikati kwenda nje, na gome hubanduka kwa kidole. Usiishie hapo, maana ncha hukauka kabla ya tumbo la gogo. Omba gogo nene lipasuliwe mbele yako, kisha ubandike shavu kwenye mpasuko. Ukihisi ubaridi wa unyevu, halijakauka.

1. Mvinje. Mzito, hauna ulimbo, huacha makaa yanayodumu, na huvumilia kuwashwa kabla haujakauka kabisa kuliko miti mingi. Majani yake kama sindano huwafanya wengine waudhani msonobari. Nusa mkato: msonobari hunukia ulimbo, mvinje haunuki hivyo. Kwenye ncha utaona mistari myembamba kama spoki za baiskeli.

2. Mgunga. Kiini ni chekundu au kahawia iliyoiva, kimezungukwa na duara jeupe. Makaa yake ni mazuri sana kwa kuchoma na kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu. Shida ni bungua, ambao hula ile sehemu nyeupe na kuacha unga laini. Matundu machache hayadhuru. Kipande kikimwaga unga ukikigonga, uzito umeshaliwa.

3. Mkaratusi. Ndio unaodanganya wengi. Ukikauka ni kuni nzuri kabisa, ila gogo la mviringo lenye gome linaweza kukaa mwaka mzima likiwa bado bichi ndani, huku nje likionekana limepauka. Upasue ungali mbichi. Nyuzi zake mara nyingi zimesokotana, na ukishakauka shoka hunasa. Utautambua kwa gome linalochunika vipande virefu na utomvu mwekundu-mweusi ulioganda kwenye mianya. Ukiuzwa kwa bei ya kuni kavu, dai vipande vilivyopasuliwa, si magogo.

4. Mwembe na mgrevilea. Uzito wa wastani, huwaka bila usumbufu, lakini makaa hayakai sana. Vinafaa chai na mboga kuliko maharagwe. Utomvu wa mwembe huwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hiyo vaa glavu ukibeba mbichi.

5. Msonobari. Nunua kidogo kwa kuwashia. Hushika moto upesi, huisha upesi, na ulimbo wake huleta masizi mengi kwenye sufuria na ndani ya dohani.

Msufi na mbuyu usilipie: vyepesi mno, tita zima ni moto wa dakika chache. Oleanda usiwashe kabisa, moshi wake una sumu. Mnyaa pia uache. Utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Vipande vya nguzo au mbao zilizotiwa dawa, hasa zenye rangi ya kijani, visiingie jikoni hata vikitolewa bure, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zina aseniki, nayo hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu.

Majina ya miti hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu, basi amini gome na mkato kuliko neno la muuzaji.

Kuhusu kipimo: mita moja ya ujazo iliyopangwa vizuri huwa na takriban 0.6 hadi 0.7 ya mti halisi. Matawi yaliyopinda hupunguza zaidi. Chungulia tita kutoka kwenye ncha. Ukiona mianya inayopitisha ngumi, punguza bei au dai lipangwe upya.

Kama umeshanunua mbichi, pasua vipande vya unene wa sentimita 8 hadi 10, uvipange juu ya miti miwili visiguse ardhi, funika juu tu na uache pembeni wazi upepo upite. Tia alama kipande kimoja cha katikati, ukipime kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza kupikia.