TAHADHARI wana Dar: fundi wa AC anayepima gesi wakati mashine imeganda barafu

Jamani wana Dar, hasa mliopo Tegeta, Mbezi na Kinondoni, kuna fundi wa AC anatangaza kwenye magrupu kwamba anatibu mashine zinazoganda barafu. Mimi ameshanipiga 240,000 na mama yangu mgonjwa wa presha amelala kwenye joto la mwezi wa pili wiki nzima nzima, ndo maana naandika.

Iko hivi. AC ya chumba cha mama ni spliti ya BTU 12,000, ilianza kutoa upepo mdogo mdogo, baadae usiku maji yanatiririka ukutani, nikifungua kifuniko nakuta ndani kumeganda kama friza. Nikampata huyo jamaa, akaja chapchap, maneno matamu, shikamoo mama nyingi. Hakufungua filta, hakuangalia feni ya ndani, kaenda moja kwa moja kwenye mashine ya nje akafunga geji (kipimo cha presha ya gesi) akaniita, bosi njoo ujionee, gesi imeisha. Na kweli mshale ulikuwa chini sana. Akajaza, 80,000. Ikapoza siku kumi hivi, barafu ikarudi. Akaja tena, geji ileile maneno yaleyale, 80,000 nyingine. Na mara ya tatu tena!! Huku LUKU inakimbia kuliko kawaida na mashine ya nje inaunguruma mpaka jirani kaniuliza.

Sasa sikieni utapeli ulipo. Barafu ikishaziba koili ya ndani (yale mabomba yanayopoza hewa), hewa ya chumba haipiti, gesi haipati joto la kubeba, kwa hiyo presha inashuka yenyewe hata kama gesi imejaa vizuri. Geji inasema kweli ila maana yake siyo ile anayokwambia. Fundi anayejua kazi hawezi kukupa majibu ya gesi wakati mashine imeganda, na huyu anajua fika, maana mara ya tatu nilimwambia tusubiri iyeyuke kwanza akaanza kunikaripia kwamba ana wateja wengine. Akiongeza gesi juu ya iliyopo presha inapanda, barafu inachelewa siku kadhaa, unaona kama kapona, kumbe kompresa (pampu ya gesi kwenye mashine ya nje) ndo inaumia.

Jirani akaniletea mzee mmoja aliyezoea kazi za maofisini. Yeye kitu cha kwanza kasema zima kupoza, acha feni tupu, narudi baada ya masaa matatu, na msikwangue barafu na kisu mtatoboa bomba. Aliporudi akatoa filta, ilikuwa kama blanketi. Akafungua ile feni ya mviringo ya ndani, vipanga vyake vyote vimejaa tope la vumbi na ukungu (barabara yetu inachimbwa tangu mwaka jana), na koili nyuma hivyohivyo. Akaosha vyote, akawasha, ndo akafunga geji. Gesi ilikuwa imezidi! Tatizo langu tangu mwanzo lilikuwa UCHAFU, basi.

Akaniuliza ule mtungi ulikuwa wa gesi gani, nikamwambia maandishi yalikuwa yamekwanguliwa. Akakasirika kabisa. Mashine yangu kibandiko cha nje kimeandikwa gesi aina ya R410A, gramu 850, ukichanganya na R22 au kitu kingine humo ndani huwezi tena kujua una nini, na kuna gesi zinashika moto. Ikabidi ainyonye yote, avute vakyumu (kutoa hewa yote kwenye mabomba), ajaze mpya kwa mizani. Nimelipa tena hela ambayo sikuipanga.

Na mjue gesi ya AC haiishi kama gesi ya jikoni. Inazunguka humohumo kwenye mabomba, ikipungua imevuja, kwa hiyo anayesema imepungua akuonyeshe inapovujia, apake povu la sabuni kwenye zile nati zinazounga mabomba uone mapovu, akishindwa asijaze. Mzee kaniambia mara nyingi ikiwa gesi ni pungufu kweli barafu inaanza kwenye kile kibomba chembamba na upande mmoja wa koili, ila ikiganda yote na upepo umefifia, anza kushuku filta na feni.

Nilipomdai hela yangu kanibloku. Jina sitaji hapa, ila dalili zake ni hizo, mtungi hauna maandishi, hana mizani, risiti hatoi, filta hagusi, na tangazo lake lina picha ya geji ambayo mshale umelala chini. Bado analirusha, jana nimeliona tena. Kama ameshakwambia yupo njiani anakuja kwako, zima mashine sasa hivi barafu iyeyuke kabla hajafika, halafu hiyo filta itoe uioshe mwenyewe kwa maji ya bomba.