Chai nzuri, ila kunguru waliokufa jamani...

Mgahawa wenyewe siutaji, uko Upanga chini ya mwembe mkubwa, chai ya maziwa yao iko poa sana na supu ya kuku asubuhi haina mpinzani. Sasa Jumamosi nafika nakuta kunguru watano wamekufa pale pale kwenye viti vya nje, miguu juu. Mama mmoja kaanza ooh hapa kuna mtu karogwa, bodaboda anapiga picha anarusha status, mzee wa meza ya pembeni wala hajashtuka anakula chapati yake, eti hao wametegewa nyama yenye sumu. Na kweli Dar washauliwa sana kwa sumu, maana hawa wenye shingo ya kijivu sio wa kwetu, waliletwa Zanzibar toka India miaka ya 1890 wale taka, leo wanamaliza mayai na vifaranga vya ndege wengine. Sumu yenyewe haiui papo hapo, anakula huku anaenda kufia anakolala, ndo maana unawakuta chini ya miti.

Kilichoniudhi ni mhudumu, kawaokota mkono mtupu kawatupa kwenye pipa la jikoni halafu huyoo anakuja na supu yangu! Namwambia kaka kanawe kwanza, anacheka, "kunguru tu hao dada." Supu nikaiacha, buku tatu zimeenda hivyo. Nyota mbili, zote za chai. Nikirudi nakaa ndani.