Uzoefu wangu: kukamua ufuta kwa mashine, Lindi mjini

Nyota mbili, na hapo nimewahurumia.

Ufuta ni mafuta karibu nusu ya uzito wake. Mashine ndogo ya parafujo, yaani skrubu kubwa inayozunguka na kukandamiza mbegu, haiyatoi yote, lakini kilo 20 zilizopepetwa na kukauka vizuri zinatakiwa zikupe kama lita 8. Nikapewa tano na ushee. Kuuliza, kijana wa mashine hata uso hakuinua: "Dada, ufuta wenu wa safari hii hauna mafuta."

Hauna mafuta! Yafinye mashudu yake, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua: yanashikana, vidole vinang'aa. Mashudu yaliyokamuliwa sawasawa hutoka vipande vyembamba, vikavu, ukivikunja vinakatika. Walikuwa wametoka kukamua alizeti, na koni ya mbele, kile chuma kinachobana mashudu yanapotoka, ikabaki imelegea. Alizeti huja na maganda, parafujo inapata cha kung'ata. Ufuta ni punje ndogo, unateleza tu humo ndani. Hapo koni hukazwa kidogo kidogo mashine ikishapata moto, unachanganya mashudu kiasi ili ushike, kisha mashudu unayarudisha mara ya pili. Kazi hiyo inataka muda, na foleni ilikuwa ndefu. Labda alisahau.

Au hakusahau. Ukutani wameandika mashudu ni mali ya mashine, na wafuga kuku wanayanunua pale pale mlangoni. Sasa mafuta yanayobaki ndani ya mashudu ni ya nani?

Mafuta yenyewe siwezi kuyasingizia. Hayakuungua, rangi ya dhahabu, harufu ya ufuta mtupu. Yakituama siku mbili tatu ukayachuja kwa kitambaa, yanakuwa safi kabisa. Yana sesamolini, kitu cha asili cha ufuta kinachosaidia yasichache upesi. Kwa mchicha, kisamvu au mchuzi wa samaki, hayana mpinzani. Maandazi usiyakaangie: mafuta yasiyosafishwa kiwandani huanza kutoa moshi moto ukiwa mkali. Wa sabuni wachanganye na ya nazi, maana ya ufuta peke yake hutoa sabuni laini inayoisha upesi.

Basi nyota tatu? Nilitaka. Lakini nikikumbuka ile "hauna mafuta", narudi mbili, tena naona moja inatosha. Ukienda, usikae kwenye benchi la wateja. Simama pale koni inapotemea mashudu, na yakitoka yamelowa, mwambie aikaze koni kidogo kidogo kwanza.